Anua Siyo Anika

Watoto wa darasani walimpa jina la Redio, na kusema kweli lilimkaa. Aliingia nchi ile hajui hata kuomba maji. Kiswahili chote alichokuwa nacho alikichota kwenye redio ya mpiga pasi wa pale mama yake alipofanya kazi, kijiredio cha betri kilichofungwa mpira wa baiskeli ili kisifumuke. Na mtu aliyefundishwa lugha na redio huongea kama redio. Akitaka kuwaonya wenzake kwamba mwalimu anakuja, alisema, "Taarifa zilizotufikia hivi punde, mwalimu yuko njiani." Akiombwa kifutio, alijibu kwamba suala hilo linashughulikiwa. Darasa lilivunjika mbavu. Yeye hakujua wanacheka nini, ila alicheka nao, asije akabaki peke yake ambaye hacheki.

Alikuwa binti wa miaka kumi na mmoja na alisoma na watoto wa miaka minane. Walimu walimweka huko kwa sababu ya lugha, wakasema ikimkolea watampandisha. Magoti yake hayakuingia chini ya dawati, kwa hiyo alikaa upande upande, miguu njiani, na kila aliyepita alimpiga teke, mwingine kwa bahati mbaya, mwingine kwa makusudi. Hakulalamika. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimeshonwa kwa waya, na alijua akilalamika watakitazama. Alichotaka maishani ni kimoja: siku moja akae mbele ya kipaza sauti asome taarifa ya habari, na watu wasioviona viatu vyake wamsikilize mpaka mwisho.

Mama yake hakuwa na ndoto za namna hiyo. Yeye alitaka mtoto asome, basi.

Kwao mama alikuwa akiuza maziwa sokoni, na mdomo wake ulijulikana. Kuna wateja walinunua maziwa wasiyoyahitaji ili tu wasimame pale wasikie anavyowajibu wanaume. Halafu kwao kukawa hakukaliki. Baba akasema watangulie, yeye atafuata, na hakufuata, na hakuna aliyejua kwa nini. Huku ugenini mama akawa bubu. Ya kusema alikuwa nayo tele. Lugha ya kuyasemea ndiyo hakuwa nayo.

Kazi aliipata uani kwa dobi. Mwenye uwanja ule alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Kufuli, kwa sababu alifunga kila kitu kinachofungika: lango, kabati la wanga, kabati la mkaa, pipa la sabuni, mpaka choo. Funguo zilimning'inia kiunoni, ukamsikia kabla hujamwona. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kuibiwa, akaibiwa tena, basi. Mshahara aliotoa ulikuwa mdogo, lakini juu yake aliwapa stoo ya nyuma walale, katikati ya magunia matupu ya mkaa na ndoo za sabuni ya unga. Humo ukivuta pumzi kwa nguvu unapiga chafya. Lakini stoo ilikuwa na mlango, na wale wawili walikuwa wamelala sehemu nyingi zisizo na mlango.

Mama alifua na kuanika. Mama Kufuli alipokea nguo dirishani. Chini ya bati, pembeni, alisimama mpiga pasi, mwanamume mwembamba mwenye maneno mengi. Walimwita Mjomba Pasi, na redio ilikuwa yake.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Redio alimfundisha mama yake maneno ya kazi. Mama aliyakusanya kutwa, akayalaza kichwani, alfajiri akayatoa moja moja kama mtu anayekagua vibanio vya nguo, vizima na vilivyovunjika. "Suuza ni nini? Kamua ni nini?" Redio alijibu yote huku anakunywa chai. Mama alimtazama kama mtu anayetazama ghala lake mwenyewe.

Asubuhi moja mama akauliza, kwa lugha ya kwao, "Na *anua*? Yule mama jana kanionyesha mawingu, akasema anua, anua."

Redio alikuwa ameinama anafunga waya wa kiatu. Neno hilo hakuwahi kulisikia. Alijua utekelezaji. Alijua kinyang'anyiro, na mazungumzo ya kina, na kuwaasa wananchi. Lakini hakuna msomaji wa habari aliyewahi kutangaza kwamba mtu fulani ameanua nguo. Haya ni maneno ya uani, na redio haiingii uani. Angesema hajui. Lakini mama alikuwa anamtazama kwa yale macho, na yeye alikuwa anachelewa.

"Ni kuanika," akasema. "Wakiwa na haraka wanalifupisha."

Akaondoka mbio.

Mchana wa siku hiyo wingu lilipanda nyuma ya nyumba, jeusi kama sufuria. Mjomba Pasi alikuwa amekwenda kufuata mkaa. Mama Kufuli, aliyekuwa dirishani na mteja, alipiga kelele bila kugeuka: "Wewe! Anua! Anua haraka!"

Mama alitazama juu akaliona wingu. Akatazama kamba, zimejaa mashuka yanayokaribia kukauka. Akatazama kikapu cha vitambaa vya meza vya ukumbi wa harusi, vyeupe, vimepigwa wanga na pasi, vimekunjwa vinangoja kuchukuliwa. Ndivyo pekee ambavyo havikuwa kambani. Akashangaa. Akajisemea labda huku ugenini mvua ina kazi yake, labda inalainisha wanga. Tangu afike alikuwa ameona mengi asiyoyaelewa, na kila alipouliza alichekwa, kwa hiyo alikwishaacha kuuliza. Akabeba kikapu, akakimbia, akatundika vile vitambaa juu ya mashuka, kimoja kimoja, akivinyoosha vizuri kwa mikono miwili.

Mvua ikashuka. Kamba ikazidiwa na uzito, ikakatika. Vitambaa vya harusi na mashuka ya watu vikalala kwenye tope jekundu.

Redio aliporudi kutoka shule alimkuta mama amepiga magoti kwenye karai, anafua upya, mikono imevimba. Mama Kufuli alikuwa amesimama juu yake, funguo zinatetemeka.

"Haya, mtafsiri kaja!" akasema. "Muulize mama yako. Mimi nimesema anua, yeye kaanika! Mvua inakuja, mtu anaanika! Nimwambieje mwenye ukumbi?"

Redio akasimama na mkoba mgongoni. Alielewa palepale.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye nilimwambia anua ni anika."

Labda alidhani akisema ukweli mambo yatapoa. Hayakupoa.

"Kosa la ulimi wako, kosa la mkono wake, kwangu mimi zote ni nguo chafu," Mama Kufuli akasema. "Sikiliza. Mama yako mchapakazi, sikatai. Lakini hana masikio. Masikio yake ni wewe, na wewe unashinda shule. Basi kuanzia kesho unashinda hapa. Au atafute uwanja mwingine, na stoo niachieni."

"Shangazi, nitakuwa nakuja mchana…"

"Mvua haisubiri mchana. Mwambie."

Mama alikuwa ameinua uso. "Anasema nini?"

Redio akamweleza, kwa lugha ya kwao, haraka haraka, akipunguza makali hapa na pale. Ila la masikio halikupunguzika.

"Mwambie hapana," mama akasema.

Redio akatazama mlango wa stoo. Kupitia ufa wake yalionekana magunia, na mkeka wao umekunjwa juu ya gunia la mwisho. Mvua bado ilikuwa inadondoka kwenye bati. Akamgeukia Mama Kufuli.

"Amesema sawa."

Mama akaliachia shuka karaini.

"Sawa?" mama akasema.

Mtoto alikuwa amesahau jambo moja. Sawa ndilo neno la kwanza ambalo mgeni yeyote hulijua. Mama alikuwa analisema kutwa kucha, kwa kila amri na kila tusi. Kama kuna neno moja la nchi ile alilolijua ndani nje, lilikuwa hilo.

Akasimama. Povu lilimchuruzika mpaka viwikoni. Akamsogeza binti yake pembeni kwa kiwiko, taratibu, kama mtu anayesogeza kiti, akasimama uso kwa uso na Mama Kufuli.

"Sawa hapana," akasema kwa Kiswahili. "Mtoto shule." Akatafuta neno jingine, hakulipata, akashika masikio yake mawili kwa mikono yenye povu. "Mimi… hii iko. Mimi sikia."

Mjomba Pasi, aliyekuwa amerudi na gunia la mkaa begani, alibaki mdomo wazi. Tangu mwanamke yule aajiriwe hakuwahi kumsikia akisema zaidi ya hilo sawa.

Mama Kufuli alimpima kwa macho toka juu mpaka chini.

"Haya," akasema. "Tuone. Mvua inayokuja nitamwamuru mwenyewe, kwa maneno yangu, bila mtafsiri. Wala asidhani ni anua tu. Nina maneno mengi mimi. Akiweza, mtoto asome. Akishindwa, ndivyo nilivyosema. Na wewe Redio, mvua ikikukuta shuleni ubaki hukohuko. Nikikuona umekuja mbio kumnong'oneza, nimeshapata jibu langu."

Jioni ile, ndani ya stoo, waligawana mkate mpaka ukaisha.

"Usilolijua, sema hulijui," mama akasema.

"Nikisema sijui, nani anajua?"

Mama akafikiri. "Basi tutakuwa wawili tusiojua. Mimi nimeshazoea. Wewe utazoea."

Mtoto akacheka, halafu akalia, halafu akapiga chafya ya sabuni, wakacheka wote.

Siku zilizofuata mawingu yalikuja yakapita, na mama akawa haachi kusikiliza. Alisikiliza wateja dirishani, akasikiliza redio. Mjomba Pasi aliyemcheka mwanzoni akageuka mwalimu, maana alipenda kusema na hakuwa amewahi kupata msikilizaji wa namna ile. "Jikaze kisabuni, shemeji," alimwambia, na alipogundua haelewi, alichukua kipande cha sabuni akakikamata kwa nguvu mpaka kikamponyoka. Mama akaelewa.

Lakini maneno ni mengi kuliko siku. Kila aliloshika, kumi yalimpita. Redio aliona mama anakonda.

Kilichomwokoa ni kufuli. Jioni moja Mama Kufuli alikuwa anaondoka, akamwambia Mjomba Pasi kama kawaida yake, "Funga lango. Asubuhi nafungua mwenyewe." Mama alikuwa anakunja taulo. Mikono ikasimama.

"Funga," akasema polepole. "Fungua."

Akatazama taulo. "Kunja," akasema. Hilo alilijua, ndiyo kazi yake. Akalifungua taulo lote, likaning'inia. "Kun… jua?"

"Kunjua! Ndiyo!" Mjomba Pasi akasema.

Mama akageuka mzima mzima. Akanyoosha kidole kwenye kamba. "Anika," akasema. Halafu akaenda, akachomoa kibanio, akalishusha shuka moja, akalikumbatia. "Anua!"

Akamgeukia binti yake kwa lugha ya kwao, macho yanamng'aa kama zamani sokoni. "Mwanangu! Maneno ya hawa watu yana mkia! Ukiuweka ule mkia, kazi inarudi nyuma. Kwa nini hukuniambia?"

Redio hakumwambia kwa sababu hakuwa anajua. Alikuwa ameyasikia maneno hayo yote na hakuwahi kuyapanga pamoja. "Sikujua," akasema, na kwa mara ya kwanza lilitoka bila kumkwaruza koo.

Kuanzia hapo mama hakushikika. Alilijaribu lile jambo kwa kila kitu kilichopita mbele yake.

"Lala. Lalua?" alimuuliza Mjomba Pasi. "Asubuhi, mimi nalalua?"

Mjomba Pasi ilibidi aweke pasi chini asije akaunguza suruali ya mtu. "Hapana, shemeji. Asubuhi unaamka."

"Pika. Pikua?"

"Chakula kikishapikwa hakipikuliwi. Ungeweza hilo, ungekuwa tajiri."

Mama alikubali kwamba mkia una mipaka. Lakini kesho yake asubuhi, Mama Kufuli alipokuwa ameinama kwenye kufuli la lango, mama alimwendea akasimama wima, mikono kando, kama mtoto anayesoma shairi.

"Mama. Ile siku mimi nakosa. Sasa mimi nataka kukosua."

"Ku… nini?"

"Kukosua."

"Anataka kuliondoa kosa, bosi," Mjomba Pasi akasema kutoka kwenye pasi yake. "Kalifungua kama kufuli."

Mama Kufuli aliinamia kufuli lake muda mrefu kuliko kufuli linavyohitaji, na funguo zikawa zinalia kiunoni kama za mtu anayetikisika kwa kicheko. Alipoinua uso ulikuwa umekaza kama siku zote. "Mvua ndiyo itasema," akasema.

Wiki hiyohiyo mwalimu wa Redio alimchagua asome matangazo mbele ya shule nzima, keshokutwa yake asubuhi mstarini. "Wewe unayejiita redio, tukusikie," alisema. Redio hakuwa anajiita, lakini hakubisha. Mama alipopewa habari alilitoa lile shati zuri la shule, jingine lilikuwa limechakaa kola, kesho yake alfajiri akalifua kwa mkono wake, akaliweka wanga aliomwomba Mama Kufuli kwa Kiswahili chake mwenyewe, akalianika mwisho wa kamba ambako jua hukaa zaidi.

Siku hiyo, kipindi cha hesabu, darasa likaingia giza. Redio akatazama dirishani. Upepo ulikuwa umebeba karatasi uwanjani. Tone la kwanza liligonga bati, likafuata jingine, halafu bati zima likapiga kelele, hata mwalimu akanyamaza maana hasikiki.

Redio alisimama bila kujijua.

"Unakwenda wapi?" mwalimu akauliza kwa sauti ya juu.

Uwanja wa dobi haukuwa mbali. Angekimbia angefika kabla tope halijaanza kuruka. Angepita nyuma ya choo, angesimama penye ufa wa uzio, angesema neno moja tu kwa lugha ya kwao na hakuna ambaye angesikia kwa mvua ile. Alijua kila hatua.

Halafu akamwona mama akilini, ameshika masikio kwa mikono yenye povu.

"Siendi popote, mwalimu."

"Redio imeisha betri!" mtoto mmoja akapayuka, wakacheka. Yeye akakaa, akashika dawati kwa mikono miwili kama mtu aliyepanda lori bovu, na hakuliachia mpaka kengele ikalia.

Alirudi mbio, waya wa kiatu unakatika njiani. Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Alisukuma lango.

Kamba zote zilikuwa tupu. Vibanio vimekaa juu yake kama ndege. Turubai lilikuwa limetandazwa juu ya rundo la nguo, limefungwa pembe zote, na maji uani yalikuwa yanakimbia yote kwenda mferejini. Kitu kimoja tu kilibaki kwenye kamba, mwisho kabisa. Shati lake. Lilikuwa linachuruzika kama mtu aliyetolewa mtoni.

"Umeikosa sinema!" Mjomba Pasi akamwita kutoka chini ya bati. "Bosi kapiga kelele: anua mashuka! Kaanua. Kunjua turubai! Kakunjua. Nikasema hapo hapo atakwama, maana bosi kaniangalia, kanikonyeza, kasema: zibua mfereji! Hilo sikumfundisha. Mama yako kasimama kwenye mvua, anasema peke yake, ziba, ziba, zibua… halafu kachukua ufagio, kaenda kuchokoa mfereji mpaka matakataka yote yakatoka!"

Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amelowa chapachapa, anahema. Aliona binti yake anatazama shati.

"Nililiona," akasema kwa lugha ya kwao. "Lilikuwa la mwisho, na mikono ni miwili. Ya watu kwanza."

Redio alitaka kusema si kitu. Hakuweza, maana matangazo yalikuwa kesho asubuhi.

Mama Kufuli alitoka ndani, mwavuli kwapani, funguo zinalia. Alikagua turubai, akakagua mfereji, akavuta kamba moja kuona kama imekaza. Hakumsifu mtu. Alipofika langoni ndipo akasema, mgongo ukiwa kwao:

"Kesho asubuhi kama kawaida. Na huyo Redio aende shule, asinijazie uwanja." Akapiga hatua, akarudi. Alichomoa ufunguo mmoja kwenye pete, akamtupia Mjomba Pasi. "Wa kabati la mkaa. Shati la mtoto halitajikausha lenyewe. Kesho unirudishie."

Mjomba Pasi alikuwa amekwisha kuzima pasi. Akaguna, akapiga magoti, akaanza kupuliza makaa upya. "Ukisoma vibaya hayo matangazo kesho," akamwambia Redio, "nitadai mkaa wangu."

Mama akainuka kwenye ndoo. Akaenda mpaka mwisho wa kamba kwenye manyunyu, akachomoa vibanio viwili, akalichukua shati, akalikamua mpaka likatoa tone la mwisho. Halafu akaligeukia bati ambako binti yake alikuwa amesimama, akaliinua juu waone wote.

"Sasa," akasema kwa Kiswahili, "naanua."